Jiwe la mwezi wa kuzaliwa: Ni pambo au ni hirizi?

IDDI MOSI ya mwaka jana, baada ya swala na kuwazuru wazee, tulijipakia kwenye gari la abiria sisi na watoto wetu tukaenda Msimbati. Watu wa Dar es Salaam wana Kigamboni yao na Bagamoyo yao. Sisi wa Mtwara tuna Msimbati. Ni mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka mjini. Unapita mikorosho na minazi, unapita Madimba penye mitambo ya gesi, kisha bahari inajifungua mbele yako. Ukiendelea mbele unafika Ruvula, ulimi wa mchanga ulioingia baharini, na ndani ya ghuba unaviona visiwa vya Namponda na Mongo. Kusini zaidi ni mikoko, na nyuma ya mikoko ni mdomo wa Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hili lote, kuanzia Msangamkuu hadi mtoni, ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu.

Pale ufukweni nilikutana na kijana mmoja mvuvi, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Alinipa mkono, na mkononi mwake nikaona pete kubwa ya fedha yenye jiwe la njano. Nikamsifia pete yake. Kumbe nimefungua mlango. Akanieleza kwamba ile si pete ya urembo. Aliinunua Kariakoo kwa mtu anayejua mambo ya nyota, kwa shilingi laki moja na themanini elfu. Yeye amezaliwa mwezi wa Novemba, nyota yake ni Nge, na jiwe la watu wa Novemba ni topazi. Kazi ya jiwe lile, alivyoambiwa, ni kumvutia riziki na kumkinga na hatari za maji.

Nikamuuliza, siku hizi za kusi mnakwenda nje na majaketi ya kujiokolea? Akacheka, akainua kidole chenye pete. Akasema, "Ustadhi, jaketi la nini tena?"

Ndugu msomaji, kicheko kile ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Laiti angesema pete ni nzuri tu, nisingekuwa na la kuandika. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivaa pete ya fedha, na imepokelewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba pete yake ilikuwa na jiwe la Kihabeshi. Mwanamme wa Kiislamu haharamishiwi pete ya fedha wala jiwe juu yake. Suala ni lile jaketi lililoachwa nyumbani kwa sababu ya jiwe.

Kwanza tuulize, nani aliyegawa mawe kwa miezi? Watu wengi wanadhani ni elimu ya kale iliyotoka Babeli au kwa Nabii Suleiman (a.s.). Ni kweli kwamba watu wa kale walikuwa na imani zao juu ya mawe na nyota, kila taifa na zake, na hazikupatana. Lakini orodha hii inayotembea leo madukani na kwenye simu za vijana, Januari jiwe hili, Februari jiwe lile, ilipangwa mwaka 1912 na chama cha wauza vito wa Marekani, kwenye mkutano wao katika mji wa Kansas. Hawakuwa manabii wala wanajimu. Walikuwa wafanyabiashara waliotaka kila mteja awe na jiwe la kununua. Mwaka 1952 wafanyabiashara wenzao wakaipanga upya, wakaongeza mawe mengine. Mwaka 2016 wakauongezea mwezi wa Agosti jiwe la spineli.

Na mwaka 2002 wakaingiza jiwe letu. Tanzanite, inayochimbwa Mirerani na isiyopatikana kibiashara mahali pengine popote duniani, ikatangazwa na chama cha wafanyabiashara wa vito wa Marekani kuwa jiwe la Desemba. Watanzania tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, kwani bidhaa yetu imepata soko. Lakini hebu tufikiri kidogo. Jiwe hilo lilijulikana mwaka 1967 tu, na jina la tanzanite lilibuniwa na kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani mwaka 1968. Na rangi ile ya buluu inayosifiwa, mara nyingi jiwe huipata baada ya kuchomwa kwenye tanuri, kwani likitoka ardhini huwa zaidi la rangi ya kahawia. Sasa bibi yangu aliyezaliwa Desemba kabla ya mwaka 1967 alikuwa akilindwa na nini? Na aliyezaliwa Desemba 2001, bahati yake ilibadilika usingizini siku wafanyabiashara wale walipotia saini? Kama siri hii imo katika maumbile tangu Allah (s.w.) alipoumba mbingu na ardhi, vipi ibadilishwe kwa kikao?

Nilimweleza kijana haya. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema huko kwao wazungu huenda ni biashara, lakini sisi tuna elimu yetu ya falaki. Ni kweli tunayo. Katika pwani hii watu wamekuwa wakipiga hesabu za abjadi kwa vizazi vingi. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, kila herufi ina thamani yake, unajumlisha, unagawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, aliifanya habari ya nyota isikike nchi nzima kupitia vyombo vya habari. Lakini hesabu hiyo haiangalii mwezi wa kuzaliwa hata kidogo! Nikachukua kijiti tukapiga hesabu pale pale mchangani, jina lake na la mama yake. Ikatoka Samaki. Kwa orodha ya wauza vito yeye ni Nge wa topazi, kwa hesabu ya wazee wake ni Samaki, na Samaki ana jiwe lingine kabisa. Akabaki anaziangalia tarakimu zile. Nami nikawa nawaza wazee wetu wangapi wa Msimbati, Msangamkuu na Mikindani ambao ukiwauliza walizaliwa lini watakwambia mwaka wa njaa, au mwaka wa mafuriko. Hao jiwe lao lipi? Na sisi tunaohesabu kwa mwezi mwandamo, Rajabu ikizunguka ikaangukia kiangazi mara na masika mara, tutavaa mawe mangapi?

Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Kwa mtu anayetafuta utukufu, ile ilikuwa fursa ya kukaa kimya tu. Yeye akasimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni aya mbili katika aya za Allah, hazipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa kuishi kwake. Kama jua halikufungamana na maisha ya mtoto wa Mtume, topazi itafungamana vipi na kuzaliwa kwangu mimi?

Sasa nije kwenye hoja ya kijana, maana hakuwa mjinga, na ingekuwa dhulma kuandika kana kwamba alinyamaza. Alisema mambo mawili. La kwanza, "Ustadhi, mbona mkienda Hijja mnalibusu jiwe?" La pili, "Panadoli nayo ni kitu tu kilichotengenezwa na watu. Mbona mnaimeza na hamsemi ni shirki?"

Hoja ya kwanza jibu lake lilishatolewa na Umar bin Khattab (r.a.), aliyesimama mbele ya Hajar al-Aswad akaliambia kwamba anajua wazi kuwa ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemuona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Yaani jiwe tukufu kuliko yote duniani, tunalibusu kwa kufuata, na wakati huo huo tunatangaza kwamba halina kitu. Basi jiwe la Kariakoo litakuwa na nini?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami nakiri niliitafakari muda kabla ya kujibu. Uislamu haukatai sababu. Allah (s.w.) ameweka njaa na chakula, ugonjwa na dawa, upepo na tanga. Anayekataa kula akisema anamtegemea Allah hana tawakkul, ana ujinga. Kwa hiyo kosa la mwenye pete si kule kushika sababu. Kosa liko katika kuita sababu kitu ambacho si sababu. Wanachuoni wetu wametupa kipimo chepesi: jambo huwa sababu ama kwa kuwa wahyi umesema hivyo, kama asali na ruqya, ama kwa kuwa maumbile yameonesha hivyo kwa kila mtu. Panadoli inashusha homa ya Muislamu na ya asiye Muislamu, ya anayeiamini na ya mtoto mchanga asiyejua hata jina lake. Jaketi la kujiokolea litamuelea mtu aliyezimia na asiyejitambua. Je, topazi? Topazi inafanya kazi kwa yule tu aliyeambiwa kwamba inafanya kazi. Mwezi wa Novemba watu wengi wanazaliwa, na wengi wao hawajawahi kuliona jiwe hilo, na riziki zao zinawafikia.

Wapo watakaosema, basi angalau inampa moyo. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda fali njema. Kweli, alipenda neno jema linalomjia mtu bila kulitafuta, likamfanya amdhanie Mola wake vizuri. Lakini fali haiuzwi laki na themanini. Na moyo wenyewe, kuna moyo unaomuokoa mtu na kuna moyo unaomzamisha. Mvuvi mwenye hofu kidogo huangalia wingu, hurudi mapema, huvaa jaketi. Mvuvi aliyepewa moyo na pete huendelea mbele.

Tukiwa tumekaa tunabishana, mbele yetu kulikuwa na jibu ambalo sote wawili tulikuwa hatulitazami. Kule mbali, mawimbi yalikuwa yanakuja makubwa kutoka Bahari ya Hindi, yakifika kwenye mwamba yanavunjika na kuwa povu, na ndani ya ghuba watoto wetu wanaoga katika maji yaliyotulia. Mwamba ule ni matumbawe. Katika ghuba hii kuna zaidi ya aina 200 za matumbawe. Ni viumbe wadogo sana, laini, ambao hujijengea nyumba ya chokaa, mmoja juu ya mwenzake, miaka nenda miaka rudi. Yale magumu ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu hivi kwa mwaka. Tumbawe lenye ukubwa wa meza huenda limeanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa.

Qur'an Tukufu, katika Surat Rahman, inataja lulu na marijani zinazotoka baharini (55:22), ikiuliza tena na tena ni ipi katika neema za Mola wetu tunayoikanusha. Marijani ile nyekundu ya kwenye pete, ambayo nayo wauza nyota wanaigawia watu, hutoka zaidi Bahari ya Mediterania. Lakini ni ndugu wa haya matumbawe yetu. Tofauti ni kwamba ya kidoleni imekufa, na hii ya Msimbati iko hai na inafanya kazi mchana na usiku bila ya kuambiwa nyota ya mtu. Inavunja wimbi kabla halijafika kijijini. Inawapa changu na pono mahali pa kuzalia na kujificha. Hapa ndipo riziki ya mvuvi ilipo, na hapa ndipo kinga yake dhidi ya maji ilipo. Yale mambo mawili aliyoyanunua Kariakoo, Allah (s.w.) alikwisha kumuwekea mbele ya nyumba yao, bure.

Na tumeyafanyia nini? Wazee wetu walikata matumbawe wakayachoma kupata chokaa ya kujengea, na miji yetu ya kale, Mikindani ikiwa mojawapo, imesimama juu ya chokaa hiyo. Wao walichukua kwa mkono na kwa kiasi. Kisha ikaja baruti. Mlio mmoja tu, samaki wanaelea, wanakusanywa kwa dakika chache, na chini yao kazi ya miaka mia inabaki kokoto. Pwani ya Mtwara iliumia sana kwa uvuvi huo. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wenyewe waliungana kuupinga, na hifadhi hii nayo ilikuja kwa sehemu kwa sababu hiyo, ingawa wapo wavuvi waliolalamika, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba masharti yake yaliwabana wao wa nyavu ndogo pia. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka na mengi kufa pwani yote ya Afrika Mashariki. Baruti ilikuwa inamalizia yaliyonusurika.

Nilimuuliza kijana kama miongoni mwa watu aliowajua waliopiga baruti walikuwapo waliovaa pete za bahati na hirizi. Akasema wengi. Akasema mmoja alikuwa na hirizi ya kumkinga isije ikamlipukia mkononi. Ilimlipukia.

Kuna jambo jingine linalonishangaza kila nikiutazama Mto Ruvuma. Huko juu, Tunduru, tangu miaka ya 1990 watu wamemiminika kuchimba vito. Yakuti samawi ya Septemba, aleksandraiti ya Juni, spineli ya Agosti, yote yanachekechwa kwenye changarawe za mito kama Muhuwesi. Wanunuzi walitoka mpaka Thailand na Sri Lanka. Na maji ya Muhuwesi yanaingia Ruvuma, na Ruvuma inaishia hapa kwetu, kwenye mikoko na kamba na kaa. Mto mmoja. Juu yake watu wanatafuta mawe ambayo wengine mbali watayavaa wakiomba bahati, na wachimbaji wenyewe, walioyashika mengi kuliko mfalme yeyote, wengi wao nimewaona wakirudi na nguo walizoondoka nazo. Kama mawe yangekuwa yanaleta riziki kwa kuguswa, Tunduru pasingekuwa na maskini.

Simaanishi kwamba jiwe ni kitu cha kudharau. Qur'an inatufundisha kulitazama jiwe kwa jicho jingine. Katika Surat Fatir, Allah (s.w.) anataja milima yenye njia nyeupe na nyekundu na nyeusi sana, rangi mbalimbali (35:27), na aya inayofuata inawataja wanaomcha Allah kuwa ni wale wenye elimu. Katika Surat al-Baqara yametajwa mawe yanayotoka mito na mawe yanayoanguka kwa kumhofu Allah (2:74), na yametajwa ili kutuaibisha sisi wenye nyoyo ngumu. Mtu mwenye kuitazama yakuti akamkumbuka aliyeipa rangi, huyo amesoma aya. Mwenye kuiomba imlinde, amekipa kitabu kazi ya aliyekiandika.

Hapa lazima nijitoe na mimi mwenyewe, maana si haki kumhukumu kijana peke yake. Mimi nina pete ya akiki ya marehemu babu yangu. Sikuivaa kwa kutafuta bahati. Hadithi zinazosifu akiki nazijua, na najua wanachuoni wa hadithi walivyozikosoa. Niliivaa kwa kumbukumbu. Siku moja niliipoteza kisimani, wakati nachota maji. Usiku ule sikulala. Kesho yake mtoto akapata homa, na nafsi yangu, naona haya kuandika, ikaniambia: ni ile pete. Miaka yangu yote ya kufundisha tawhidi madrasa, na neno lile lilikuwa limekaa ndani likisubiri. Pete ilipatikana siku ya tatu. Niliiweka sandukuni, na sijaivaa tena.

Ile pete ya Mtume (s.a.w.), iliyochorwa jina lake na kutumika kama muhuri, alivaa Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (r.a.). Ikamponyoka Uthman ikatumbukia katika kisima cha Aris. Waliitafuta siku tatu, wakayateka maji yote ya kisima, haikuonekana. Wapo hata katika wanachuoni waliosema kwamba tangu pale ndipo mambo yalipoanza kumgeukia. Lakini fitna ile ilikuwa na sababu zake, na wanahistoria wamezieleza: magavana, mali, na watu wa miji ya mbali waliokuwa na manung'uniko. Na Qur'an ilibaki, swala ilibaki, umma ulibaki, bila ya pete.

Jua lilikuwa linashuka. Watoto walikuwa wanaitwa watoke majini ili tuwahi gari kabla ya magharibi. Yule kijana alisema joto limemzidi, ataoga mara moja kabla hatujaondoka. Akavua shati, akavua viatu. Alipofika majini ya magoti akasimama, akarudi mbio kunifuata pale nilipokaa. Akavua ile pete, akaniwekea kiganjani.

"Nishikie, Ustadhi," akasema. "Isije ikachukuliwa na maji."